Nusu ya Sindano

Hemedi Pazi hakuwa na gari, hakuwa na pikipiki, wala baiskeli hakuwa nayo tangu ile ya mwisho ilipoibwa nje ya soko la Mlandizi. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na bima ya afya. Hakuwa na meno mawili ya juu upande wa kushoto, na kwa sababu hiyo alicheka akiwa amefunga mdomo. Hakuwa na cheti chochote zaidi ya kile cha darasa la saba, ambacho panya walikuwa wameshakila kona moja. Hakuwa na saa. Muda aliujua kwa adhana na kwa mabasi ya Morogoro. Na Jumatatu ile, saa nne asubuhi, kwenye baraza lake la ushonaji pale Visiga, hakuwa na nusu ya sindano.

Nusu ya juu alikuwa nayo, imebaki kwenye cherehani. Nusu ya chini, yenye ncha na tundu, ilikatika alipokuwa akikunja pindo la gauni la kijani. Alisikia "tik", akainua mguu kutoka kwenye kikanyagio, akatazama. Haikuwepo.

Hemedi alikuwa na sheria yake: sindano ikivunjika, kazi inasimama mpaka nusu zote mbili zionekane. Akafagia chini. Akakung'uta gauni. Akatoa sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha juu ya kitambaa na sakafuni, taratibu, kama mtu anayepiga pasi. Sumaku ikampa pini tatu, kizibo cha soda na ndoano ya sidiria. Sindano haikutoka. Kilichomsumbua zaidi ni kwamba magauni yalikuwa kumi na mawili, ya watoto wa madrasa, yamerundikwa pamoja, na maulidi ilikuwa Jumamosi.

Mwalimu Raudha wa madrasa alifika adhuhuri. Hemedi akamweleza ukweli.

"Kwa hiyo unaniambia sindano imo humu?" Raudha alishika gauni kwa ncha za vidole viwili, kama aliyeshika samaki aliyeharibika.

"Sisemi imo. Nasema sijaiona."

"Fundi, mdogo wao kabisa ana miaka mitano. Akae kwenye mkeka mbele ya mashehe, imchome paja, mimi nimwambie mama yake nini? Kwamba Mzee Hemedi hakuiona?"

"Ndiyo maana nimekwambia, mwalimu. Ningeweza kunyamaza."

"Ungenyamaza tungekuita mshenzi. Sasa umesema, tunakuita mzee. Kanunue miwani."

Wanawake wawili waliokuwa wakisubiri kupimwa walicheka. Hemedi alichukua wembe, akafumua mapindo yote kumi na mawili mbele ya mwalimu, nyuzi zikajaa mapajani kwake kama nyasi. Sindano haikuwemo. Hata hivyo Raudha aliyafunga magauni kwenye khanga, akayapeleka kwa fundi wa Maili Moja. Katika miaka thelathini na moja ya kazi, ilikuwa mara ya kwanza nguo kuondoka kwenye baraza lile ikiwa haijashonwa.

Hemedi aliichukua ile nusu ya juu, akaiviringisha kwenye karatasi, akaitia mfuko wa shati. Jambo lisilokuwa na maelezo lilimnyima raha kuliko matusi. Kitu cha chuma hakiyeyuki. Kimekwenda wapi?

Alhamisi asubuhi mkewe, Mwamvita, alikuwa akideki sakafu ya chumba. Akaona madoa madogo ya rangi ya kutu, yamepangana kutoka kitandani mpaka mlangoni, hatua kwa hatua.

"Baba Naila, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Hebu nyanyua mguu."

"Mguu hauumi."

"Sijakuuliza kama unauma. Nyanyua."

Alinyanyua wa kulia, huku akinywa chai na kuendelea kusimulia jinsi fundi wa Maili Moja asivyojua kukunja pindo. Chini ya kidole cha mwisho palikuwa na tundu jeusi, na nyama pembeni yake ilikuwa nyeupe kama mkate uliolowa. Mwamvita akabonyeza kwa kidole gumba. Usaha ukatoka. Hemedi akapiga funda jingine la chai.

"Tena ana haraka yule," alisema. "Anavuta kitambaa."

Mwamvita alikiweka kidekio chini. Hakuogopa kidonda; alikuwa amelea watoto na kuuguza wazazi. Alichoogopa ni ile sauti ya mumewe kutobadilika.

Hospitalini walimpiga picha ya mguu. Daktari kijana aliiinua kwenye mwanga, akaita wenzake waje watazame. Kisha akaingiza koleo, akavuta, kitu kikalia "ting" kwenye sahani ya chuma.

"Naomba nikione," alisema Hemedi.

Alipokiona alitoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaiunganisha ile nusu na mwenzake. Zikakutana sawasawa.

"Ni yangu. Namba kumi na sita."

Daktari alicheka. Muuguzi wa kliniki ya sukari, Sista Justa, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, hakucheka.

"Mzee, imekaa humu siku ngapi?"

"Nne, ukihesabu na leo."

"Na umekuwa ukikanyaga cherehani?"

"Kutwa. Pekupeku. Fundi akivaa kiatu haielewi mashine."

"Bila maumivu?"

"Sista, ningekuwa na maumivu ningeitafuta kwenye magauni ya watu?"

Justa alimtoboa kidole cha mkono, akaweka tone la damu kwenye kipimo. Ikatoka ishirini na moja nukta nne. Hemedi aliuliza ilitakiwa iwe ngapi. Justa akamwambia kwamba hata kwa mtu aliyetoka kunywa chai, isifike nane. Hemedi akatikisa kichwa kama mteja aliyetajiwa kiuno asichokitarajia.

"Sasa funga macho," Justa alisema. "Nina uzi hapa. Nitakugusa nyayo. Kila ukisikia, sema ndiyo."

"Uzi wa nailoni? Unene gani?"

"Funga macho, mzee."

Akafunga. Alisubiri. Alisikia feni, alisikia mtoto akilia mapokezi, alisikia viatu vya mtu vikipita. Alisema "ndiyo" mara moja, kwenye kisigino cha kushoto. Kisha Justa akamwambia afumbue, kwa kuwa ameshamgusa mahali ishirini.

Badala ya kulalamika Hemedi akaanza kuuliza, na Mwamvita, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajua kwamba watakaa sana.

"Sukari naitia mdomoni. Imefikaje unyayoni?"

"Si ile ya kijikoni tu. Ugali, wali, muhogo, vyote tumboni vinageuka sukari. Inaingia kwenye damu. Damu inaipeleka kwenye misuli iwe nguvu. Lakini msuli una mlango, na mlango unafunguliwa na kitu kinaitwa insulini. Kinatoka kwenye kongosho, nyuma ya tumbo. Mtu akiwa na mafuta mengi tumboni na mwili haufanyi kazi, mlango unakuwa mzito. Kongosho inaongeza insulini, inaongeza, mwisho inachoka. Sukari inabaki kwenye damu."

"Na ikibaki inafanya nini?"

"Inaharibu mishipa midogo kwanza. Ile inayolisha macho. Ya figo. Na ile ya fahamu iliyo mirefu kuliko yote, inayotoka mgongoni mpaka vidoleni. Ndiyo maana miguu inaanza."

"Kumbe mrefu ndio unaokatika mwanzo," alisema Hemedi, na ilionekana jambo hilo limempendeza kwa namna fulani, kama mshono uliofikiriwa vizuri.

"Unakunywa chai?"

"Mteja akija."

"Wateja wangapi kwa siku?"

"Inategemea. Sita. Nane."

"Vijiko?"

"Vinne. Vidogo."

"Soda?"

"Wananinunulia. Kumkatalia mtu soda yake ni kumvunjia heshima."

"Mazoezi?"

Hapo Hemedi alijinyoosha. "Mimi? Miguu yangu haipumziki tangu asubuhi mpaka magharibi!"

"Miguu haipumziki," Justa alisema, "na mwili uliobaki umekaa juu yake unapumzika. Kingine. Umekonda hivi karibuni?"

Hemedi alifungua mdomo kukataa, kisha akaufunga. Alikuwa amepunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe mara tatu tangu Ramadhani. Kila mara alilaumu kitambaa.

"Nilidhani kinalegea," alisema.

"Fundi mzima!" Mwamvita alisema kutoka mlangoni.

Wakamlaza siku nne. Walimchoma insulini na dawa za kukausha kidonda, wakaosha mguu kila asubuhi. Watu wa Visiga walimjia kumtazama, na kila aliyekuja alikuja na alichokuta ni desturi kumpelekea mgonjwa: soda, juisi za boksi, biskuti, mkate wa siagi. Siku ya tatu chini ya kitanda kulikuwa na chupa kumi na moja.

Mwalimu Raudha alikuja na kilo mbili za sukari kwenye mfuko wa karatasi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akautazama mguu uliofungwa.

"Nimesikia ilikuwa mguuni," alisema.

"Ilikuwa mguuni."

"Nilikutukana bure, Mzee Hemedi. Mbele ya watu."

"Uliona vibaya kwa sababu hata mimi sikuona. Na hiyo sukari, mwalimu, ungejua!"

Raudha aliutazama ule mfuko, akashika mdomo, kisha wote wakaangua kicheko, na Hemedi akasahau kufunga mdomo. Mwamvita alirudisha soda zote dukani, akabadilishana na maharage na mchicha, kisha akanunua duka la dawa kipimo cha sukari na boksi moja la vijiti vyake. Vijiti hivyo vilikuwa ghali. Hakuvigusa mtu mwingine.

Aliporudi nyumbani Hemedi alifungua kitabu chake cha vipimo vya wateja. Baada ya jina la bibi mmoja aliyetaka gauni la kitenge, kifua arobaini na mbili, akaandika jina lake mwenyewe. Asubuhi: kumi na tatu. Baada ya ugali wa kushiba: kumi na tisa. Kesho yake alikula nusu ya ugali ule na mchicha mwingi: kumi na nne. Mara moja, kwa udadisi tu, alipima, akanywa soda moja nzima, akapima tena. Alipoona namba alikaa akiitazama ile chupa tupu kama mtu aliyegundua jirani yake ana jina la pili.

Lakini kidole cha mwisho kilikuwa kikigeuka rangi. Jumatano kilikuwa cheusi kama ganda la korosho. Kliniki, Justa alikinusa bila kuficha.

"Damu haifiki tena hapa. Ijumaa asubuhi daktari atakitoa."

"Kukitoa, yaani kukikata?"

"Kukikata. Kidole, mzee. Ukichelewa wiki, tutazungumzia mguu. Na mguu wa kulia ndio wako wa kazi."

"Kila kinachoanza kuoza lazima kiendelee? Hakuna kinachosimama chenyewe?"

"Sukari ikishuka na damu ikipita, vingi vinasimama. Hiki kimeshakufa. Ijumaa, saa mbili. Usile."

Jioni hiyohiyo kaka yake, Badru, aliingia kutoka Msimbu, kijijini kwao, na gari la kukodi. Badru alikuwa na miaka sitini na sita, mwili mpana, kofia ya kiua iliyonyooka, na kawaida ya kuzungumza akiwa amesimama.

"Umekanyaga," alisema, hata kabla ya kukaribishwa maji.

"Nimekanyaga sindano, kaka. Hii hapa."

"Sindano! Watu wangapi wamekanyaga sindano wakavunda? Wewe umekanyaga kilichotegwa, sindano ni mlango tu. Sisi kwetu tunalijua hili. Baba alikufaje? Mguu huohuo! Nimeshazungumza na mtaalamu, kesho alasiri anakuja nyumbani kukitoa na kumtaja aliyekiweka. Gari hilo hapo, tunaondoka asubuhi."

"Shemeji, Ijumaa ana hospitali," alisema Mwamvita.

"Ya kukatwa? Ukikatwa kitu hicho kinahamia juu. Baba walimkata kidole, wakamkata kisigino, tukamzika."

Mwamvita alimtazama mumewe, akimngoja aseme hapana. Hemedi hakusema hapana. Alikuwa na uso ule wa kutafuta sindano.

"Nitakwenda," alisema. "Nataka kumuuliza shangazi mambo fulani. Lakini usiku nalala hapa, na Ijumaa niko hospitali."

"Tutaona atakavyosema mtaalamu," alisema Badru.

Nyumba ya Msimbu ilikuwa imefagiliwa, mkeka umetandikwa upenuni, kuku mweusi amefungwa mguu kwenye kinu. Nyuma ya nyumba mananasi yalishuka mteremko kwa mistari mpaka kwenye mpaka wa zamani. Shangazi Mwanamvua, dada wa marehemu baba yao, alikuwa ameegemea nguzo, mwenye miaka zaidi ya themanini na masikio mazima kabisa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda hivyo, mkeo hakupi chakula?"

"Ananipa kwa kipimo. Shangazi, baba alikuwa akinywa maji sana?"

"Maji? Akiumwa? Alikuwa anamaliza mtungi. Mama yenu, Mungu amrehemu, alikwenda kisimani mara mbili kwa ajili yake peke yake. Tukamtania, tukamwita ng'ombe."

"Na haja ndogo?"

"Hemedi!" Badru alisema. "Unamuuliza shangazi mambo ya chooni?"

"Niache niulizwe, kwani mimi sina choo?" Bibi alicheka bila sauti. "Hakuwa akifika chooni. Palepale kwenye mgomba, mara tano, mara sita. Sisimizi walijaa pale mpaka kuku wakahamia wakawa wanashinda hapo wakila."

Hemedi alisogea karibu.

"Mwili wake je?"

"Alinenepa alipoacha shamba akafungua duka. Kutwa kwenye kiti, chai na kalmati. Halafu akaanza kukonda. Tukasema kuna mtu anamla."

"Na mguu ulipoanza kuoza, alilia?"

"Hakulia. Hilo ndilo lililotutisha. Mguu unanuka, mtu anakula kalmati. Tukasema huu si ugonjwa wa Mungu."

Hemedi aligeuka kumtazama kaka yake. Badru alikuwa bado amesimama.

"Kaka, hiyo ni sukari."

"Baba hakupimwa."

"Kweli, hakupimwa. Na Hamisa je, alipimwa?"

"Usilitaje jina hilo nyumbani kwangu."

Hamisa alikuwa jirani yao, mjane aliyelima ng'ambo ya mpaka. Wiki mbili kabla ya mguu wa baba yao kuharibika aligombana naye kwa ajili ya mistari mitatu ya mananasi. Hiyo ilitosha. Watu walisema amefukia kitu kwenye njia. Ikaandikwa barua kwenda ofisi ya kijiji, kikaitishwa kikao, na baada ya kikao hakuna aliyemwitikia salamu, hakuna aliyempisha kisimani. Mwisho aliondoka na watoto wawili na kitanda, akaenda kwa ndugu zake Magindu.

"Ile barua niliandika mimi," alisema Hemedi. "Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza darasa la saba, nina mwandiko mzuri. Nilijivunia mwandiko ule."

"Uliandika kwa sababu nilikwambia uandike!" Sauti ya Badru ilipanda mpaka kuku akashtuka. "Unajua unachokisema wewe? Ukisema baba alikuwa na sukari, unasema tulimng'oa mwanamke na watoto wake bure. Mimi nilikuwa wa kwanza kumnyima salamu. Anakuja hapo njiani, 'Badru mwanangu, umeamkaje,' nageuza shingo. Miaka miwili! Sasa unataka niwe nani?"

"Sitaki uwe mtu yeyote. Nauliza tu."

"Unauliza, unauliza! Ndiyo maana hukupata cheo chochote."

Hemedi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha uzi mgumu wa nailoni, urefu wa kidole. Alikuwa amekitafuta kwenye vikorokoro vyake mpaka akapata unene unaolingana na ule wa Justa.

"Shangazi, funga macho. Nikikugusa unyayo, sema."

"Hapo," alisema bibi papo hapo. "Hapo. Na hapo. Unanitekenya, mjinga wewe!"

"Sasa wewe, kaka. Kaa, vua viatu."

"Upuuzi."

"Kaa, Badru," alisema shangazi. "Umesimama tangu asubuhi."

Badru alikaa. Alivua viatu na soksi, akanyoosha miguu yake mipana iliyopasuka visigino, akafumba macho kwa nguvu kama mtoto anayesubiri sindano ya chanjo. Hemedi alipiga magoti kwa shida, mguu wake uliofungwa ameuweka pembeni, akamgusa kaka yake unyayo wa kulia, kwenye kidole gumba, katikati, ukingoni. Kisha wa kushoto. Alibonyeza mpaka uzi ukapinda.

Shangazi Mwanamvua alipandisha upindo wa khanga mdomoni.

"Anza basi," alisema Badru, macho yamefumbwa. "Mtaalamu anakuja sasa hivi."

Hemedi alibonyeza tena, kisha akauondoa uzi.

"Hemedi. Anza."

Alipofumbua macho alimkuta mdogo wake amekaa chini, uzi mkononi, anamtazama bila ushindi wowote. Badru akautazama uzi. Akaitazama miguu yake, mmoja, halafu wa pili, kama ya mgeni aliyelala nyumbani kwake bila kubisha hodi.

"Huwa nakunywa maji sana," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni jua."

Mtaalamu alipofika alasiri alimkuta shangazi peke yake. Bibi alimpa nauli na yule kuku mweusi, akamwambia wenyewe wamekwenda hospitali Kibaha.

Ijumaa saa mbili daktari alikitoa kidole. Hemedi aliomba asilazwe usingizi ili aone, wakamkatalia kuona lakini wakamchoma ganzi ya mgongoni tu, naye akauliza maswali nyuma ya pazia mpaka daktari akamwambia anyamaze ahesabu. Ndani ya wiki tatu nyama mpya nyekundu ilikuwa imejaza shimo. Mguu ulibaki. Sasa alishona akiwa amevaa viatu vya ngozi, akivikung'uta kabla ya kuvivaa, na kila baada ya gauni moja alisimama akaenda mpaka kwenye kituo cha mafuta na kurudi. Wateja walilalamika. Chai alikunywa bila sukari, kwa uso wa mtu anayetimiza hukumu.

Badru alipimwa Alhamisi ile waliyotoka Msimbu: kumi na saba. Alipewa vidonge na kitabu cha kliniki, akakificha ndani ya kanzu.

Barua ilichukua muda zaidi ya kidonda. Ya kwanza ilikuwa kurasa nne. Hemedi alieleza kongosho, milango ya misuli, mishipa mirefu inayokatika mwanzo. Alimsomea mkewe kwa sauti.

"Unamwomba radhi au unamfundisha?" aliuliza Mwamvita.

Akaichana. Ya pili ilijaa "inasemekana" na "ilitokea". Akaichana bila kumsomea mtu. Ya tatu aliiandika Jumapili asubuhi barazani, cherehani ikiwa imefunikwa:

*Bi Hamisa, shikamoo. Mimi ni Hemedi, mtoto wa pili wa marehemu Pazi wa Msimbu. Barua iliyokutoa nyumbani kwako niliiandika mimi kwa mkono wangu. Niliandika kwamba ulimtegea baba kitu njiani. Mwaka huu nimeugua mguu kama wake, na hospitali wameniambia ni kisukari. Siwezi kuthibitisha kwamba baba alikuwa nacho. Lakini hata siku ile nilipoliandika jina lako sikuwa na uthibitisho wowote, na sikusita. Ulikuwa ukitusalimia. Sisi hatukuitika. Naitika leo. Sikuombi unijibu.*

Alimpigia Badru simu akamsomea. Upande wa pili kikasikika kikohozi.

"Mimi usiniweke jina," alisema Badru. "Siwezi."

"Sawa, kaka."

"Hemedi. Usikate. Ongeza hapo chini. Mistari ile mitatu ya mananasi ni yake. Alikuwa anasema kweli, baba alisogeza mpaka. Nilimsaidia kusogeza. Aje achukue, au atume mtu. Andika."

"Niandike nani amesema?"

Badru alikohoa tena.

"Andika Badru," alisema, akakata.

Hemedi akaandika. Bahasha ya dukani haikuwa na gundi inayoshika, akamwita mkewe. Mwamvita alikuwa ndio anapakua chakula. Alichukua kidonge cha ugali kutoka kwenye lile tonge dogo la mumewe, akakisugua kwenye mdomo wa bahasha, akabonyeza kwa kiganja. Wakaiacha juani juu ya kinu mpaka ikakauka, na Hemedi akajaribu kuifungua kwa ukucha, ikakataa.

Tito, kijana anayeleta mbuzi wa Magindu mnada wa Mlandizi, alipita saa nane na pikipiki yake. Alimfahamu Bi Hamisa. Bado yuko hai, alisema, anauza maziwa ya mgando, macho yake si mazuri lakini ana mjukuu anayesoma.

"Mpe mkononi mwake," alisema Hemedi. "Mjukuu asome baadaye."

"Nisubiri majibu?"

Hemedi alimkabidhi bahasha.

"Usisubiri," alisema. "Ana haki ya kuchelewa."

Tito akaitia barua ndani ya shati, akafunga vifungo mpaka shingoni, akaondoka.